Dakika za Kwanza: Historia ya Mwanzo wa Filamu za Uhalifu

Mwanzo wa filamu ya uhalifu hufanya kazi mbili kwa pamoja. Humtambulisha mhusika, mara nyingi kabla hajatamka neno, na humtia mtazamaji katika hali itakayomwandama hadi mwisho: hofu, mashaka, huzuni au hamu ya kujua. Kazi hizo hazijabadilika sana tangu sinema ilipozoeleka katika jamii. Zilizobadilika ni njia za kuzitimiza, kila kilipozuka chombo kipya, kanuni mpya au desturi mpya ya kutazama. Jambo linaloiunganisha historia hiyo ni mgawanyo wa maarifa, yaani nani anajua nini pale picha inapoanza: mtazamaji, mhalifu, mhanga au mpelelezi.

Enzi ya filamu bubu

Mwaka 1903 kampuni ya Edison ya Marekani ilitoa The Great Train Robbery, iliyoongozwa na Edwin S. Porter. Filamu hiyo ya dakika 12 hivi inaanza na tendo moja kwa moja: majambazi wanaingia katika ofisi ya telegrafu ya stesheni, wanamlazimisha karani kuisimamisha treni, kisha wanamfunga kamba. Hakuna anayetambulishwa. Wahalifu hao hawana majina wala historia, na kamera inawatazama kwa mbali kama inavyoutazama ukumbi wa maigizo. Picha ya karibu ni moja tu, ya jambazi aliyeigizwa na Justus D. Barnes, akiwaelekezea watazamaji bastola na kufyatua. Katalogi ya Edison iliwaambia wenye kumbi kwamba picha hiyo ingeweza kuwekwa mwanzoni au mwishoni, wapendavyo. Hiari hiyo inaonyesha kwamba mwanzo ulikuwa bado haujawa sehemu ya usimulizi. Kazi yake ilikuwa kuwashtua watu vitini.

Mwanzo wenye kubeba tabia ya mtu ulikomaa Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1922 Fritz Lang aliifungua Dr. Mabuse, der Spieler kwa mkono ulioshika picha za nyuso mbalimbali, zimetandazwa kama karata. Nyuso zote ni za mtu mmoja. Mabuse anazichanganya, anachomoa moja, na sura hiyo ndiyo atakayoivaa siku hiyo. Mara tu baadaye watu wake wanaiba hati ya biashara ndani ya treni, kila hatua ikipimwa kwa saa. Bila sauti na kwa maandishi machache, mtazamaji amekwisha kujua mambo matatu kuhusu mhalifu huyu: hujigeuza, hucheza kamari na watu, na hupanga kila kitu kwa sekunde.

Sauti kabla ya picha

Sauti ilipoingia katika sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, waongozaji wengi waliitumia kwa mazungumzo tu. Lang aliitumia kwa hofu. Katika M ya mwaka 1931, filamu yake ya kwanza yenye sauti, kinachotangulia ni sauti ya mtoto huku skrini ikiwa bado nyeusi. Kisha wanaonekana watoto wamesimama duara uani, wakicheza mchezo wa kuhesabiana ambao wimbo wake unamtaja muuaji. Mwanamke mmoja anawakemea. Maisha ya mtaa yanaendelea: nguo zinafuliwa, saa ya ukutani inagonga adhuhuri, Bi. Beckmann anamwandalia chakula bintiye Elsie. Nje, Elsie anadundisha mpira kwenye bango linaloahidi marki 10,000 kwa atakayefanikisha kukamatwa kwa muuaji, na kivuli cha mwanamume mwenye kofia kinaangukia bango hilo.

Muuaji anaingia katika filamu akiwa kivuli na mluzi. Anapiga mluzi wa muziki wa Edvard Grieg huku akimnunulia mtoto puto kwa mchuuzi kipofu. Mauaji yenyewe hayaonyeshwi. Mama anaita, na kamera inapita kwenye ngazi tupu, kwenye dari la kuanikia nguo, kwenye sahani isiyoguswa, kisha kwenye mpira unaobingirika kutoka kichakani na puto lililonaswa katika nyaya. Mtazamaji anamaliza kisa mwenyewe kichwani, na hofu anayoitengeneza hivyo inazidi ile ambayo damu ingeitia. Mwanzo huo pia unapanda mbegu ya hadithi, kwa kuwa kipofu yuleyule ndiye atakayemtambua muuaji baadaye kwa mluzi wake.

Marekani nako, mwaka 1931, Little Caesar ya Mervyn LeRoy ilianza kwa ujambazi kwenye kituo cha mafuta, usiku na kwa mbali: taa zinazimika, risasi zinasikika, gari linaondoka. Baada ya hapo Rico, aliyeigizwa na Edward G. Robinson, anaingia mgahawani na kuurudisha nyuma mshale wa saa ya ukutani ili apate wa kumshuhudia kwamba muda ule hakuwa kwenye tukio. Tendo hilo dogo linamweleza kuliko ujambazi wenyewe. Mwaka uliofuata, Scarface ya Howard Hawks ilifunguka kwa picha moja ndefu isiyokatwa. Karamu imekwisha, sakafu imejaa mabaki ya sherehe, bosi wa genge anasimama kwenye simu, na kivuli kinachopiga mluzi kinamkaribia. Uso wa Tony Camonte unaonekana mara ya kwanza baadaye, kwenye kiti cha kinyozi, taulo ya moto inapoondolewa.

Kabla ya picha hizo kulikuwa na jambo jingine: maonyo. Little Caesar ilitanguliwa na mstari wa Biblia kuhusu waushikao upanga, na Scarface ikatanguliwa na maandishi ya kulaani utawala wa magenge. Wakaguzi wa filamu walihofia kwamba vijana wangewahusudu majambazi, hivyo studio zikalazimika kutangaza msimamo wa kimaadili tangu mwanzo. Matokeo yake yalikuwa mgongano wa kuvutia. Maandishi yalimhukumu mhalifu, na dakika moja baadaye picha ikampamba.

Mhalifu anayekiri kwanza

Kanuni za maadili za Hollywood ziliandikwa mwaka 1930 na zikaanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934. Mhalifu hakuruhusiwa kushinda. Kwa kuwa mwisho ulikuwa umekwisha kujulikana, waandishi waligundua kwamba wangeweza kuanza nao. Wakati huohuo Lang, Billy Wilder na Robert Siodmak walikuwa wameikimbia Ujerumani ya Wanazi, na walifika Marekani na ujuzi wa vivuli waliojifunza Berlin.

Double Indemnity ya Wilder, ya mwaka 1944, ni mfano bora wa njia hiyo. Majina ya watengenezaji yanapita juu ya kivuli cha mtu mwenye magongo anayeijongea kamera, na muziki wa Miklós Rózsa unatembea naye kwa mwendo wa mazishi. Kisha gari linakimbia katika mitaa ya Los Angeles usiku. Walter Neff, wakala wa bima, anaingia ofisini akiwa amejeruhiwa bega, anakaa mbele ya mashine ya kurekodia sauti na kukiri kwamba ameua kwa ajili ya fedha na mwanamke, na kwamba vyote viwili amevikosa. Mtazamaji haulizi tena nani ameua. Anauliza mtu mwerevu kama huyu alifikaje hapo, na kila kicheko kinachofuata anakisikia akiwa anajua kitakavyokoma.

Mwaka 1946 Siodmak aliifungua The Killers, iliyotokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway, kwa watu wawili wanaoingia mgahawani wakimtafuta mtu wa kumuua. Mtu huyo, aliyeigizwa na Burt Lancaster katika filamu yake ya kwanza, anaonywa na hakimbii. Analala kitandani akisubiri, na filamu nzima inatumika kueleza kwa nini. Wilder alikwenda mbali zaidi katika Sunset Boulevard ya mwaka 1950, ambayo msimulizi wake ni marehemu. Mwanzo wa awali ulikuwa chumba cha maiti ambamo maiti walizungumza. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio watazamaji waliangua kicheko, na sehemu hiyo ikakatwa. Badala yake ukawekwa mwili unaoelea katika bwawa la kuogelea. Hali ya filamu inaweza kuharibiwa na dakika mbili za kwanza, na Wilder alilijua hilo kwa kusikia ukumbi mzima ukicheka.

Kamera inayosimulia

Katika miaka ya 1950 kamera yenyewe ilichukua kazi ya msimulizi. Rear Window ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954, inamtambulisha shujaa wake akiwa usingizini. Kamera inapita kwenye uso wenye jasho, kipimajoto, mguu uliofungwa plasta, kamera iliyovunjika, kisha picha ya gari la mashindano linalopinduka. Bila neno, mtazamaji amejua kazi ya mtu huyo, ujasiri wake na sababu ya kukwama chumbani wakati wa joto.

Mwaka 1958 Orson Welles alianza Touch of Evil kwa mkono unaotega bomu la saa. Bomu linawekwa ndani ya buti la gari, na kamera juu ya kreni inalifuata gari hilo kwa zaidi ya dakika 3 bila kukatwa, kupitia mji wa mpakani mwa Mexico na Marekani. Bwana na bibi harusi wanatembea karibu nalo, wanaachana nalo, wanakutana nalo tena. Mtazamaji anajua, wao hawajui. Hitchcock alimfafanulia François Truffaut kanuni hiyohiyo: bomu linalolipuka ghafla hushtua kwa sekunde chache, bali bomu ambalo mtazamaji ameliona mapema humpa wasiwasi kwa dakika nyingi. Studio ya Universal iliyafunika mandhari hayo kwa majina ya waigizaji na muziki wa Henry Mancini. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliitengeneza upya filamu kwa kufuata waraka wa kurasa 58 ulioachwa na Welles. Majina yaliondolewa, na mahali pa muziki huo pakawekwa sauti za baa na redio za magari. Picha ni zilezile, lakini hali imegeuka: toleo la kwanza linatangaza tukio, la pili linamtembeza mtazamaji mtaani.

Majina hayo nayo yalikuwa yamepata fundi wake. Saul Bass, mchoraji wa matangazo, aliyafanya kuwa sehemu ya filamu, kuanzia mkono uliopinda wa The Man with the Golden Arm mwaka 1955 hadi mistari inayokatakata maandishi ya Psycho mwaka 1960, ikisukumwa na vinanda vya nyuzi vya Bernard Herrmann.

Psycho ilibadilisha pia desturi ya ukumbini. Kabla yake Wamarekani wengi walizoea kuingia sinema saa yoyote, wakatazama nusu ya mwisho kwanza na kusubiri onyesho linalofuata. Hitchcock aliagiza mtu yeyote asiruhusiwe kuingia baada ya filamu kuanza. Alikuwa na sababu: mhusika mkuu, Marion Crane, anauawa kabla ya nusu ya filamu, na atakayechelewa angebaki akimsubiri. Filamu inaanza kwa kutaja mji wa Phoenix, siku, tarehe na saa kamili, kama taarifa ya polisi, kisha kamera inapenya dirisha la hoteli na kumkuta Marion na mpenzi wake ambaye madeni yanamzuia kumwoa. Usahihi huo wa saa na shida hiyo ya fedha vinamwaminisha mtazamaji kwamba hii ni hadithi ya wizi. Mwanzo umemdanganya kwa makusudi, na udanganyifu huo haungefanya kazi kwa mtu aliyeingia katikati.

Ukimya, giza na gumzo

Mfaransa Jean-Pierre Melville aliondoa karibu kila kitu. Le Samouraï ya mwaka 1967 inaonyesha chumba cha rangi ya kijivu, ndege kizimbani, na moshi wa sigara unaofichua kwamba kitandani kuna mtu. Maandishi ya utangulizi yanadai kunukuu kitabu cha samurai, ingawa aliyeyatunga ni Melville mwenyewe. Jef Costello, aliyeigizwa na Alain Delon, anavaa koti, ananyoosha ukingo wa kofia mbele ya kioo, anaiba gari kwa kujaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine, na mazungumzo yanakawia kwa karibu dakika 10. Tabia yake yote imo katika utaratibu huo wa kazi.

The Godfather ya Francis Ford Coppola, ya mwaka 1972, inaanza kwa uso wa mzika maiti katika giza, akiomba haki kwa ajili ya bintiye. Kamera inarudi nyuma polepole mpaka mgongo na mkono wa Don Corleone unaingia katika picha. Uwezo wake unaonekana kwanza katika unyenyekevu wa mwombaji. Mpigapicha Gordon Willis aliweka taa juu ya vichwa ili macho ya Don yabaki kivulini, ilhali nje harusi inachezwa kwenye jua kali. Sehemu mbili za maisha ya ukoo huo zimetenganishwa kwa mwanga.

Miaka ya 1990 ilileta njia mbili zilizopingana. Katika Reservoir Dogs ya mwaka 1992, Quentin Tarantino aliwaketisha wanaume wanane mezani wakibishana kuhusu wimbo wa Madonna na bakshishi ya mhudumu. Ujambazi wanaoujadili baadaye hauonyeshwi kabisa, lakini anayekataa kutoa bakshishi amekwisha kujulikana. David Fincher, katika Se7en ya mwaka 1995, alianza na mpelelezi mzee anayepanga vitu vyake asubuhi, kisha akaweka majina yaliyotengenezwa na Kyle Cooper: herufi zilizokwaruzwa, wembe, na vidole vinavyoshona daftari. Mikono hiyo ni ya muuaji. Jina la mwigizaji wake, Kevin Spacey, halikuwekwa kabisa mwanzoni.

Njia hizo zimefika pia katika sinema ya Kiswahili. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, inamtambulisha Mwas kijijini akiuza filamu za mapigano kwa kuwaigizia wateja wahusika wake. Kabla hajakanyaga Nairobi na kunaswa na genge, mtazamaji amejua kwamba kijana huyu huishi kwa kuigiza, na kipaji hichohicho ndicho kitakachomweka kati ya jukwaa na uhalifu.

Kwa zaidi ya karne moja vyombo vimebadilika, kutoka filamu bubu hadi majina yaliyokwaruzwa, lakini mianzo iliyodumu ina sifa mbili. Inamwonyesha mtu akitenda jambo dogo ambalo mwingine asingelitenda, na inaamua mapema nini mtazamaji ajue na nini afichwe. Filamu isiyoamua hayo huanza na bastola inayofyatuliwa, kama ilivyoweza kufanyika mwaka 1903, kisha hulazimika kumtafuta mhusika wake baadaye.