Pamakacha

Pamakacha ni usanifu wa shamba na makazi unaoiga uoto wa asili ili kaya ijitosheleze kwa chakula, maji na kuni. Iliasisiwa Australia na Bill Mollison na David Holmgren miaka ya 1970. Kozi yake ya msingi huchukua saa 72. Kwa mahali pakavu kama Mwankoko, Singida, penye msimu mmoja wa mvua, somo muhimu kuliko yote ni kuyazuia maji yasikimbie. Mtaro huchimbwa kufuata kontua, yaani mstari wa kimo kimoja, udongo ukirundikwa upande wa chini kuwa tuta. Juu yake hupandwa mbaazi, na mabua ya mtama hutandazwa kufunika ardhi. Samadi ya zizini, ambayo Wanyaturu wa Singida wameitegemea tangu zamani, hurutubisha mashimo ya kupandia miti.