Vifupisho vya miradi mikubwa katika habari za nchi jirani

Habari za nchi jirani hazikosi reli, bwawa, barabara au bomba jipya, na pamoja na miradi hiyo huja msururu wa herufi: MoU, FID, RAP, EPC, PPP. Msikilizaji asiyezijua hubaki na nusu ya habari. Anayesikia kwamba RAP imekamilika aweza kudhani kuwa fidia imekwisha kulipwa. Anayesikia kwamba MoU imetiwa saini aweza kudhani kuwa tingatinga litafika kesho. Athari ya kosa hilo haiishii kwenye lugha, kwani mtu aweza kukopa, kuuza shamba au kuacha kulima kwa sababu ya habari aliyoielewa vibaya. Makala haya yanafafanua istilahi zinazojitokeza mara nyingi, kwa kufuata safari ya mradi tangu wazo hadi makabidhiano.

Kabla ya ujenzi

MoU ni hati ya makubaliano. Pande mbili hutamka nia ya kushirikiana, lakini kwa kawaida hati hiyo haimfungi yeyote kujenga wala kulipa. Kinachofunga ni mkataba.

Upembuzi yakinifu ni uchunguzi unaouliza kama mradi unawezekana kitaalamu na kama faida yake inalingana na gharama. Hufuatwa na usanifu wa kina, ambao hutoa michoro pamoja na BOQ, yaani mchanganuo wa kazi na vifaa vyote, kiasi chake na bei yake. Taarifa kwamba upembuzi yakinifu umeanza haimaanishi kwamba ujenzi una uhakika.

ToR ni hadidu za rejea: maelezo ya kazi ambayo mtaalamu ameajiriwa kuifanya, mipaka yake na muda wake.

ESIA ni tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Nchini Tanzania kazi hii husimamiwa na NEMC, na katika Kenya na Uganda kila nchi ina mamlaka yake iitwayo NEMA. Wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni katika hatua hii, wakati ambapo mchoro bado unaweza kubadilishwa.

FID ni uamuzi wa mwisho wa uwekezaji: siku ambayo wenye mtaji wanakubali rasmi kutoa fedha. Bomba la mafuta ghafi la EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani mkoani Tanga, Tanzania, ni mfano mzuri. Serikali za nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano yao mwezi Mei 2017, lakini FID ilitangazwa tarehe 1 Februari 2022. Kati ya saini na uamuzi ilipita takriban miaka mitano.

Ardhi na wanaopisha mradi

PAP ni mtu anayeguswa na mradi: mwenye shamba, mpangaji, mwenye kibanda cha biashara, hata familia yenye kaburi katika eneo linalochukuliwa.

RAP ni mpango wa kuwahamisha na kuwapatia makazi mapya watu hao. Hueleza nani ataguswa, mali yake ni ipi, atalipwa nini na atasaidiwaje kurejesha riziki yake. Kwa hiyo RAP ikikamilika, kilichokamilika ni mpango. Malipo ni hatua nyingine, na msikilizaji ana haki ya kuuliza yatafanyika lini.

Tarehe ya ukomo huhitaji umakini kuliko neno jingine lolote katika orodha hii. Ni siku ambayo orodha ya watu na mali hufungwa. Nyumba iliyojengwa au mazao ya kudumu yaliyopandwa baada ya siku hiyo kwa kawaida hayalipwi. Aliyekuwa safarini wakati wa uthamini na hakuandikwa hupata taabu kubwa ya kuthibitisha haki yake. Wanaofuata viwango vya Benki ya Dunia hutakiwa kulipa fidia inayotosha kupata mali mpya ya namna ileile, na kuilipa kabla ya mtu kuondolewa.

Aina za mikataba

EPC ni mkataba ambao mkandarasi mmoja hubeba usanifu, ununuzi wa vifaa na ujenzi, kisha hukabidhi kitu kinachofanya kazi. Bwawa la umeme la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilijengwa kwa mkataba uliotiwa saini Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri zilizoungana, Arab Contractors na Elsewedy Electric.

PPP ni ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi. Tawi lake moja ni BOT: jenga, endesha, kisha rudisha. Barabara ya haraka ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 na iliyofunguliwa mwaka 2022, imejengwa kwa njia hiyo. Mwekezaji kutoka China alitoa fedha, naye huzirejesha kwa tozo anazolipa dereva kabla ya barabara kuwa ya serikali. Basi tukisikia kwamba mradi wa PPP hauigharimu serikali, tuulize ni nani atakayelipa, na kwa miaka mingapi.

Asilimia na vipimo

Mradi ukitangazwa kuwa umefikia asilimia 60, swali la kwanza ni asilimia 60 ya nini. Yaweza kuwa ya kazi, ya muda au ya fedha. Tuchukue barabara ya kubuni yenye kilomita 100 na bajeti ya shilingi bilioni 100. Nusu ya muda imepita, hivyo kilomita 50 zilipaswa kuwa tayari. Zimejengwa 40, na bilioni 60 zimetumika. Msemaji aweza kutaja 60 bila kusema uongo, ilhali kazi iliyofanyika ni 40 tu. Wataalamu huigawa kazi iliyofanyika kwa kazi iliyopangwa na kupata SPI, kipimo cha ratiba, ambacho hapa ni 0.8. Wakiigawa kwa fedha zilizotumika hupata CPI, kipimo cha gharama, ambacho hapa ni takriban 0.67. Chini ya 1, mradi umechelewa au unakula fedha kupita kiasi.

KPI ni viashiria vikuu vya utendaji, na M&E ni ufuatiliaji na tathmini.

MW ni megawati, kipimo cha nguvu ya umeme. Mitambo tisa ya bwawa la Julius Nyerere, kila mmoja wa MW 235, hufanya jumla ya MW 2,115. Mradi wa Rusumo katika mto Kagera, unaomilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania, una MW 80. Takwimu hizi ni uwezo wa juu kabisa. Umeme unaozalishwa hutegemea maji yaliyopo.

SGR ni reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435 kati ya vyuma vyake, tofauti na ile ya zamani yenye milimita 1,000. Treni ya reli moja haiwezi kupita katika nyingine.

Baada ya utepe kukatwa

Kipindi cha matazamio ni muda baada ya makabidhiano ambapo mkandarasi hurekebisha kwa gharama yake kasoro zilizotokana na kazi yake. Sehemu ya malipo yake huzuiliwa hadi kipindi hicho kiishe. Ufa katika daraja au kalavati iliyoziba ikiripotiwa mapema, mkandarasi hulipia. Ikiripotiwa kipindi kikiwa kimepita, mara nyingi mlipaji ni mwananchi.