Watoto waliomkatalia Pinocchio kufa

Novemba 24, 2026 inatimia miaka 200 tangu azaliwe mjini Florence, Italia, Carlo Lorenzini, mwandishi aliyejipa jina la Collodi, kijiji cha upande wa mama yake. Dunia itamkumbuka kwa kikaragosi cha mti kilichopata uhai. Lakini ukifuata tarehe za gazeti lililokichapisha kisa hicho, unakuta kwamba aliyekipa uhai si Collodi peke yake.

Sehemu ya kwanza ilitoka Julai 7, 1881, katika Giornale per i bambini, gazeti la watoto la kila wiki la mjini Roma, mhariri wake Ferdinando Martini. Collodi alikuwa na miaka 54, mwanahabari mzoefu aliyewahi kupigania uhuru wa nchi yake kama askari wa kujitolea. Kurasa za mwanzo alizituma kwa Guido Biagi wa gazeti hilo, akiziita jambo la kitoto tu. Wakizichapisha, basi wamlipe vizuri ili apate hamu ya kuendelea.

Hamu hiyo haikudumu. Collodi alikuwa akiandika kisa cha asiyesikia la mkuu. Nyenje anamwonya Pinocchio, naye anamrushia nyundo na kumuua. Mzee Geppetto anauza koti lake wakati wa baridi ili amnunulie kitabu cha kujifunzia kusoma; mtoto anakiuza apate kiingilio cha maonyesho ya vikaragosi. Mwisho, Mbweha na Paka wanamkimbiza usiku wakitaka sarafu zake nne za dhahabu. Amezificha chini ya ulimi, hafungui kinywa. Wanamtundika kwenye mwaloni mkubwa. Upepo unamyumbisha huku na huku, anamkumbuka baba yake, anakakamaa. Hadithi imekwisha.

Hiyo ilikuwa Oktoba 1881, sura ya 15. Guu limevunjika, funzo limetimia.

Watoto hawakukubali. Walimtaka Pinocchio wao, na gazeti likamrudia mwandishi. Februari 1882 Collodi alishika tena kalamu. Kwanza ilibidi amtoe kijana mtini. Katika sura ya 15 kulikuwa na msichana mwenye nywele za buluu, ambaye dirishani alikuwa amejitangaza kuwa maiti; sasa akageuka malaika mlinzi: akamtuma mwewe kuikata kamba, akawaita matabibu watatu, Kunguru, Bundi na hata Nyenje aliyekuwa ameuawa.

Hapa ndipo penye ajabu. Pua inayorefuka kwa uongo, alama inayojulikana duniani kote, imo katika sura ya 17. Pinocchio kumezwa baharini na kukutana na Geppetto tumboni mwa samaki kumo katika sura za baadaye zaidi. Na kugeuka mtoto wa kweli kumo katika sura ya 36, ya mwisho, iliyotoka Januari 1883. Watoto wangenyamaza, tusingekuwa na hata kimoja.

Mwaka huohuo 1883 kisa kilitoka kama kitabu, kikiwa na michoro ya Enrico Mazzanti. Collodi alifariki mwaka 1890. Filamu ya Walt Disney ikafuata mwaka 1940, na nyenje aliyeuawa kwa nyundo akawa rafiki wa kuimba nyimbo. Mwaka 2001 Steven Spielberg, katika filamu ya A.I., alituonyesha mtoto roboti anayemtafuta malaika wa buluu ili awe mtu. Mti umekuwa mashine. Kiu ni ileile.

Sisi huku, mtoto akimaliza kusoma hadithi, swali letu la kwanza ni: hadithi hii inatufundisha nini? Collodi alikuwa na jibu la swali hilo Oktoba 1881, na jibu lenyewe lilikuwa kijana aliyenyongwa. Watoto waliuliza jingine: sasa atafanyaje? Inaniuma kwamba swali hilo hatuliweki darasani, maana ndilo lililomfikisha Pinocchio kwenye ukurasa wa mwisho, pale mtoto mwenye damu na nyama anapokitazama kikaragosi kilichoegemezwa kitini, mikono ikining'inia, na kushangaa kwamba kumbe yule ndiye alikuwa yeye.