MUADHINI ASIYEONA WA MADINA NA NGAZI ZETU ZA MWANZA

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Ndugu yangu katika imani, leo tunasoma historia, lakini ni historia yenye kazi ndani yake. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Hapa Pasiansi, kama Kirumba na Mabatini, nyumba nyingi zimepanda mlimani juu ya mawe. Wewe mwenye miguu mizima unashuka hadi barabara ya uwanja wa ndege kwa dakika chache. Je, jirani yako anayetembelea magongo anashukaje? Na mama aliyepoteza macho kwa kisukari? Wakishafika chini, wanaingiaje msikitini?

Wapo wanaodhani swali hili limeletwa na wafadhili na miradi yao. Sivyo. Lilijibiwa Madina zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

*1. MUADHINI WA ALFAJIRI*

Abdullah ibn Ummi Maktum (r.a) alikuwa haoni. Wengi tunamjua kwa Suuratu Abasa, tukifika hapo tunaishia. Twende mbele. Mtume (s.a.w) alimpa kazi ya kuadhini. Bilal (r.a) aliadhini usiku, yeye akaadhini alfajiri inapoingia. Hebu tafakari: kazi inayotegemea kuona mwanga wa alfajiri anapewa mtu asiyeona!

Iliwezekanaje? Imam Bukhari amepokea kwamba hakuwa akiadhini mpaka watu wamwambie kumekucha. Basi, ni hilo tu. Hawakumwambia akae nyumbani aletewe sadaka. Walitazama kitu kimoja kilichompungukia, wakakiziba wao, na watu wa Madina wakaanza saumu zao kwa sauti yake. Tena Mtume (s.a.w) aliposafiri, zaidi ya mara moja alimwachia yeye kuswalisha watu wa Madina.

*2. BONDE LA ITBAN*

Itban ibn Malik (r.a) alikuwa imamu wa watu wake. Macho yake yalipodhoofika, alimwendea Mtume (s.a.w) akamweleza kuwa mvua ikinyesha, bonde lililo kati yake na watu wake hujaa maji, hawezi kulivuka kwenda kuwaswalisha.

Zingatia alivyolieleza jambo lake. Alitaja macho, akataja na bonde. Wewe wa Mwanza unayejua mitaro yetu wakati wa mvua unamwelewa vizuri. Mtume (s.a.w) hakumlaumu. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwake pamoja na Abubakar (r.a), na kabla ya kuketi akamuuliza anapenda aswali sehemu gani ya nyumba. Kiongozi wa umma ndiye aliyetembea, na mwenye shida ndiye aliyechagua mahali.

*3. BAADA YA MASWAHABA*

Khalifa Al-Walid ibn Abdul-Malik alitawala kutoka Dameski mwaka 705 hadi 715. Wanahistoria, akiwemo Tabari, wanaeleza kwamba aliwapangia wenye ukoma fungu lao na kuwakataza kuombaomba. Kila asiyeweza kutembea alipewa mtumishi, na kila asiyeona alipewa wa kumwongoza. Na mufti wa Makka katika zama hizo, Ataa ibn Abi Rabah, alikuwa mtu mweusi, kiwete, na mwishoni akapofuka. Watu walisafiri kwenda kumuuliza dini yao.

*4. SISI TUMEFIKAJE HAPA?*

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Reli ikafika mwaka 1928. Mji ukakua, tambarare ikachukuliwa na ofisi, maduka na viwanja vilivyopimwa, na wenye kipato kidogo wakapanda mlimani, kila mmoja akijichongea njia yake. Mwenye magongo hakuwemo kwenye hesabu.

Sheria zimekuja. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2006. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, kisha ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inayotaka majengo na huduma za umma zifikike na wote. Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yana sakafu iliyo sawa na sakafu ya kituo, na mwenye kiti mwendo anaingia bila kubebwa. Kwa hiyo usiseme haiwezekani Tanzania. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Hao ni watu wetu.

*5. TUANZE MSIKITINI*

Kila Ijumaa wapo ndugu wenye ulemavu wanaokaa nje ya milango ya misikiti. Tunatoka, tunatoa sarafu, tunaondoka tumeridhika. Umewahi kumuuliza mmoja wao kama ameswali? Ametia udhu wapi, ikiwa mabomba yako nyuma ya ngazi nne? Tunachangishana kwa ajili ya vigae na mnara mrefu, na mlangoni tunampa mtu shilingi mia tano badala ya kumpa njia ya kuingilia.

Mwingine atasema, "Magurudumu yatanajisi zulia." Ndugu yangu, asili ya vitu ni twahara mpaka najisi ijulikane. Weka kitambaa na maji mlangoni, yafutwe, aingie.

Haya tunayaweza:

👉 Waulize wao kwanza, kama Itban alivyoulizwa. Usimchagulie mtu.

👉 Jengeni njia ya mteremko. Kwa kila sentimita 15 za kupanda, iwe na urefu usiopungua sentimita 180. Ikiwa fupi zaidi, itamwangusha.

👉 Wekeni bomba moja la udhu lenye kiti na chuma cha kushikilia.

👉 Viatu visirundikwe mlangoni. Asiyeona hujikwaa hapo.

👉 Tafuteni mtu wa kutafsiri khutba kwa lugha ya alama.

👉 Sheria ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa. Muulize mwenyekiti wako wa mtaa: yetu iko wapi, na nani wamo?

Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa kuondoa kinachoudhi njiani ni sehemu ya imani. Ikiwa kuondoa mwiba ni imani, nini hukumu yetu sisi tunaomwaga mchanga na matofali kwenye njia pekee ya jirani asiyeona, yakakaa hapo miezi mitatu?

Ibn Ummi Maktum alihitaji mtu wa kumwambia kumekucha. Jumaa ijayo, ukishatoa salamu, kaa na imamu wako mpime zile ngazi.

Ewe Allah, tufanye tuwe wenye kufungua njia kwa waja wako, wala usitufanye kizuizi kwao. Aamiin.

Wallaahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.