Kwa nini kasuku anakuwa mkali ukikaribia tundu lake

Kasuku anaweza kutulia begani mwako sebuleni na kula karanga mkononi, halafu muda mfupi baadaye akakung'ata hadi damu kwa sababu tu umeingiza mkono kubadilisha maji. Wengi husema ndege amekuwa mkorofi, kisha wanamfungia siku nzima. Hapo ndipo tatizo linapokua. Ndege hakuchukii, analinda nyumba yake.

Tabia ya porini

Misitu ya miyombo ya Urambo, mkoani Tabora, ni makazi ya kasuku wa Meyer. Ni mdogo, urefu wake ni kama sentimita 22. Mgongo ni wa kahawia, tumbo ni la kijani, na mabegani ana rangi ya njano.

Ndege huyu hasuki kiota cha majani kama kwera. Hutaga ndani ya shimo la mti, mara nyingi lililochimbwa na kigogota. Mashimo ya namna hiyo ni machache, na yanazidi kupungua miti mikubwa inapokatwa kwa ajili ya mkaa au kuni za kukaushia tumbaku. Kasuku aliyepata shimo hulipigania.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayetoka misitu ya Kongo, naye hutaga kwenye shimo la mti. Ndiyo maana wote wawili wakiwekwa ndani, tundu linakuwa ndilo shimo lao. Mkono unaoingia mlangoni wanauona kama mvamizi.

Dalili kabla hajang'ata

Ni nadra kasuku kung'ata bila kuonya. Angalia haya:

- Mboni za macho zinasinyaa na kupanuka haraka haraka.
- Manyoya ya shingo yanasimama, mkia unatanuka kama kipepeo cha mkaa.
- Anainama, anafungua mdomo na kukuelekezea.
- Kasuku wa kijivu anaweza kunguruma.

Ukiona hivyo, simama. Mwache atulie, kisha jaribu tena baadaye. Ukilazimisha mara nyingi, atajifunza kwamba kuonya hakusaidii, na ataanza kung'ata moja kwa moja.

Kinachoongeza ukali

Msimu wa kuzaliana huwa na nguvu zaidi. Sanduku, kitambaa au kona yenye giza ndani ya tundu humfanya aone kwamba kiota kipo tayari. Kioo nacho humletea "ndege mwingine" wa kumtetea au kupigana naye.

Usingizi pia ni muhimu. Kasuku anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Tundu likiwa karibu na televisheni inayowaka hadi usiku wa manane, asubuhi mtaamka na ndege mwenye hasira.

Mahali lilipo tundu linahesabika. Likiwa katikati ya chumba, watu wanapita pande zote na ndege hana upande wa kupumzika. Liweke likiegemea ukuta, kwenye mwanga, mbali na jiko na bani la tumbaku. Mapafu ya ndege hayavumilii moshi.

Cha kufanya

1. Mtoe kwanza, safisha baadaye. Fungua mlango umsubiri atoke mwenyewe, au mwekee kijiti apande. Maji na chakula vibadilishwe akiwa nje.

2. Mlipe akitulia. Ukipita karibu na tundu naye yuko kimya, mpe punje moja ya karanga isiyo na chumvi. Karanga zenye ukungu zisitumike kabisa, zina sumukuvu.

3. Usipige kelele wala kugonga tundu. Baadhi ya ndege hufurahia kelele na hurudia, wengine huogopa na kuzidi kung'ata.

4. Ondoa sanduku, kitambaa na kioo. Mpe vijiti vya miti isiyo na sumu atafune.

5. Waeleze watoto kwamba kidole hakipiti kwenye nondo za tundu, hata kama jana ndege alikubali kukunwa kichwa.

Mabadiliko hayaji kwa siku moja. Hesabu wiki kadhaa.

Ukali ukiwa ugonjwa

Kasuku mpole aliyebadilika ghafla anaweza kuwa anaumwa. Ukimkuta amejikunyata chini ya tundu, manyoya yamevimba, hali chakula au kinyesi kimebadilika, mwone daktari wa mifugo mapema. Ndege huficha ugonjwa hadi unapokuwa mkubwa. Nawa mikono baada ya kusafisha, kwa kuwa kuna maradhi ya kasuku yanayompata binadamu kupitia vumbi la kinyesi.

Kabla ya kufuga

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata ndege wa porini bila kibali. Kasuku wa kijivu ana ulinzi mkali zaidi: mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini. Ukiletewa kinda aliyetolewa kwenye shimo la mti, usimnunue, na uulize kwanza ofisi ya wanyamapori ya halmashauri.

Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 au zaidi. Ni muda mrefu mno kuishi na ndege mnayegombana naye kila siku mlangoni pa tundu.