Barua ya mapendekezo ya udaktari: Cheo si ushahidi

MWANAFUNZI wa Garsen au Hola anayetamani kusomea udaktari hushawishika upesi kutafuta barua ya mapendekezo kwa mtu mwenye cheo, kama vile mbunge au mwakilishi wa wadi. Hata hivyo, barua yenye uzito ni ya mtu aliyeiona kazi ya mwombaji kwa macho yake.

Kwanza, mwombaji ajue barua inahitajika wapi. Nafasi za shahada zinazogawanywa na KUCCPS, shirika lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hutegemea matokeo ya KCSE, machaguo ya mwanafunzi na nafasi zilizopo. Barua haiongezi hata pointi moja. Mzazi anayeuziwa barua ya "kumwingiza mtoto chuoni" kwa njia hiyo anatapeliwa.

Barua hutakiwa zaidi na wafadhili wa masomo na vyuo vya ng'ambo. Uingereza, maombi hupitia UCAS, na maelezo kumhusu mwombaji huandikwa na shule yake au mtu anayemfahamu kimasomo. Jamaa na marafiki hawaruhusiwi. Makataa ya kozi ya udaktari huwa katikati ya Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Nchini Marekani, udaktari kwa kawaida husomewa baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vingi hutaka barua za wahadhiri wa sayansi waliomfunza mwombaji.

Nani aombwe?

Wa kwanza ni mwalimu wa bayolojia au kemia. Huyu anaweza kueleza jinsi mwanafunzi alivyofanya kazi maabarani na alivyojikwamua alipoanguka mtihani.

Wa pili ni muuguzi au afisa wa kliniki aliyemsimamia mwombaji akijitolea katika zahanati au hospitali. Huyo ndiye shahidi wa subira na huruma kwa wagonjwa.

Chifu, imamu na mchungaji nao wana nafasi yao. Fomu za basari mara nyingi hutaka sahihi zao, kwa kuwa wanaijua hali ya familia. Lakini hawawezi kushuhudia uwezo wa mtu katika kemia.

Namna ya kuomba

Mwombaji amwendee mwandishi angalau mwezi mmoja kabla ya makataa, akiwa na nakala ya matokeo yake, maelezo ya kozi na tarehe ya mwisho. Amuulize waziwazi: "Mwalimu, je, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri?" Akisita, ashukuriwe na mwingine atafutwe. Barua vuguvugu hudhuru kuliko kukosa barua ya mkubwa.

Katika Tana River, muda ni muhimu zaidi. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara ya Garsen kuelekea Lamu. Walimu nao huhamishwa na tume ya TSC hadi kaunti za mbali. Kwa hivyo, anayemaliza kidato cha nne achukue nambari ya simu na anwani ya baruapepe ya mwalimu wake kabla ya kuondoka shuleni.

Mwombaji asijiandikie barua na kupeleka itiwe sahihi tu. Udanganyifu ukigunduliwa, anaweza kupoteza nafasi, na jina la mwalimu likachafuka pia. Majibu yakitoka, mwandishi apashwe habari na kushukuriwa, hata kama ombi limekataliwa.