Kangomba, sanduku la zabuni na bei ya 3,300

Kule kwetu Kilwa korosho nyingine huuzwa zikiwa bado maua. Mwezi wa saba anakuja mtu na hela mkononi, mnapatana bei papo hapo, na Oktoba mabibo yakishadondoka anakuja kuchukua mzigo wake, tena kwa kipimo chake, siyo mizani. Hiyo ndiyo kangomba. Serikali inaikataza na viongozi huisema kila msimu, lakini ipo.

Wanaosoma nadharia ya minada hawataishangaa. Mwaka 2000 eBay waliweka kitufe cha kununua moja kwa moja: pembeni ya mnada kuna bei maalumu, ukiilipa mnada umekwisha. Anayekibonyeza ni yule asiyeweza kungoja, au anayeogopa kukikosa kitu. Kwenye kangomba kitufe ni kilekile, ila anayebonyeza ni muuzaji, na anabonyeza kwa shida.

Upande wa pili kuna bei ya chini, ile ambayo muuzaji anasema chini ya hapa siuzi. Roger Myerson aliikokotoa mwaka 1981. Chukua mnunuzi mmoja ambaye thamani ya kitu kwake inaweza kuwa popote kati ya 0 na 100, nawe kitu hicho huna kazi nacho. Ukidai 30 utauza mara saba kati ya kumi, wastani unapata 21. Ukidai 60, utauza mara nne tu, wastani 24. Ukidai 50 unapata 25, na hapo ndipo juu kabisa. Yaani inakulipa kukubali kwamba nusu ya siku utarudi na mzigo wako nyumbani! Wakiongezeka wanunuzi wa aina hiyohiyo, hesabu inabaki 50.

Ila hesabu hiyo ina sharti: uweze kukataa kweli. Mkulima mwenye gunia sebuleni na deni dukani hawezi.

Ndiyo maana stakabadhi ghalani ilikuwa jambo kubwa Kusini. Sheria yake ni ya 2005, na korosho ziliingia msimu wa 2007/08, zikaanzia Mtwara. Unapeleka mzigo chama cha msingi, unakwenda ghala kuu, unabaki na karatasi. Wanunuzi walikuwa wanaandika bei zao kwenye barua, barua zinatumbukizwa kwenye sanduku, sanduku linafunguliwa mbele ya wakulima na bei zinasomwa. Kisha mkutano unajibu: tumekubali, au tumekataa. Kwa maoni yangu hii ni bei ya chini nzuri kuliko ya kwenye vitabu, kwa sababu mnunuzi haijui mpaka aisikie ikitoka midomoni mwa watu.

Oktoba 2018 ilitoka. Msimu uliotangulia kilo ilikuwa imevuka shilingi 4,000, na sasa barua zilikuja na bei zisizofika 3,000. Wakulima wa Tandahimba na Newala, majirani zetu wa Mtwara, wakakataa. Mpaka hapo mfumo ulikuwa unafanya kazi yake. Lakini Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa 3,300, na malori ya jeshi yakaingia maghalani. Wengi walishangilia, na sitawalaumu. Tatizo ni kwamba 3,300 haikuwa tena bei ya chini ya muuzaji. Ilikuwa bei maalumu ya mnunuzi mmoja, ambaye naye alibaki na mzigo akitafuta wa kumuuzia. Januari 2019 ulisainiwa mkataba wa tani 100,000 na kampuni ya Kenya, nao ukavunjika. Malipo yakachelewa, kukaja uhakiki wa nani mkulima na nani kangomba, na wako waliongoja miezi.

Kuna tokeo jingine la utafiti ambalo laiti lingesikika mapema. Mwaka 1996 Jeremy Bulow na Paul Klemperer walionyesha kwamba, katika mazingira ya kawaida ya mnada, kumwongeza mshindani mmoja tu bila bei ya chini yoyote kunamfaa muuzaji kuliko kuipanga bei ya chini kwa ustadi wote. Basi badala ya kubishana juu ya namba, ongeza watu wanaoshindana.

Hapo ndipo Soko la Bidhaa, TMX, linapoingia. Ufuta wa Lindi ulitangulia kuuzwa kwa mtandao, na msimu wa 2024/25 korosho zikafuata. Mnunuzi hahitaji kufika na barua; anaweka bei akiwa ofisini kwake, wakulima wanaiona kwenye skrini, na bado wao ndio wanaokubali au kukataa. Minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilivuka 4,000. Tusiipe mashine sifa yote lakini, maana bei ya korosho hutegemea pia soko la dunia.

Nilimpigia mama kumpa habari. Kumbe yeye Julai alishapokea hela za magunia mawili, mdogo wangu alikuwa anaripoti kidato cha tano, na bei aliyopewa haikufika nusu ya hiyo. Nikamuuliza kwa nini hakusubiri mnada.

“Mwanangu, shule ilisubiri?”

Magunia matatu yaliyobaki aliyapeleka ghalani.